Velo mbili, mwendo mmoja



Wengi wenu mlituona siku ile tukitoka Bafwasende alfajiri, kila mmoja na velo yake, mchele umefungwa nyuma. Wengine walicheka. Mama mmoja aliuliza kwa sauti kama mwalimu hana haya kupanda velo mbele ya wanafunzi wake. Tuliahidi kwamba tukirudi salama tutaeleza kila kitu katika ukurasa huu. Tumerudi, na deni ni deni.

Tukisema "sisi" leo, ni baba na mama wa nyumba moja. Mama ndiye aliyeshika kalamu. Lakini baba amesoma kila mstari kabla ya karatasi kufika kwa chama, na pale alipokataa tulizungumza mpaka tukakubaliana.

Sababu ya safari ni binti yetu. Anamaliza sekondari Kisangani, anakaa kwa shangazi yake. Alituma habari kwamba malipo ya mtihani wa Serikali yanafungwa Jumamosi saa sita mchana, na asiyelipa atangoja mwaka mwingine. Mshahara ulikuwa haujafika. Nyumbani tulikuwa na mchele kilo 110 wa shamba letu. Ukiuzwa Bafwasende hautoshi. Ukiuzwa Kisangani unatosha na kubaki kidogo. Lori lilitaka sehemu kubwa ya bei ya mchele wenyewe, na bado hakuna aliyejua kama lingepita kwenye matope. Velo moja ilikuwa yetu. Ya pili tuliazima kwa jirani, mwanachama mwenzetu. Dada mwingine wa likelemba yetu alichukua watoto wadogo wawili kwa juma zima. Mungu awabariki wote wawili.

Kutoka hapa mpaka Kisangani ni kilometa 262. Wanaume wamebeba mizigo kwa velo njia hii tangu zamani, na wakati wa vita, mafuta yalipokosekana, velo ndiyo iliyolisha mji. Kisangani wenyewe wana jina lao la velo inayobeba watu, "toleka", neno la Kilingala, maana yake "tupite". Leo pikipiki zimechukua nafasi kubwa, lakini toleka hajafa. Mwanamke tunamzoea akiwa amekaa nyuma ya toleka. Mbele, mikono kwenye usukani na gunia mgongoni pa velo, watu bado wanageuka kumtazama.

Tuliondoka Jumanne. Mzigo tuligawa sawasawa, kilo 55 kila mmoja, tukaona tumetenda haki. Vitu vidogo tuligawa bila kufikiri: pampu, viraka, gundi na spana kwenye mfuko wa baba, chakula, yaani kwanga, karanga, ndizi za kuchemsha na maji, kwenye mfuko wa mama. Kumbukeni ugawaji huo, ndipo tulipojikwaa.

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri. Njia ilikuwa kavu asubuhi, msitu umesimama pande zote mbili kama ukuta, na mahali pa kushuka tulikaa juu ya velo tukaacha iteremke. Mahali pa kupanda tulisukuma. Usiku tulilala kwa watu wema katika kijiji kimoja, magunia yamefunikwa plastiki.

Siku ya pili mvua ilinyesha kabla ya saa nne. Udongo ukawa kama sabuni. Velo yenye kilo 55 nyuma haisukumwi kwa mikono peke yake kwenye udongo kama huo, inasukumwa kwa kifua. Baba ana nguvu zaidi, hilo hatulifichi. Akatangulia. Mwanzoni alingoja juu ya kila kilima. Lakini mama alipofika tu, akitafuta pumzi, baba aliyekwisha kupumzika aliondoka tena. Hivyo mmoja alipumzika kila mara na mwingine hakupumzika hata mara moja. Mchana hakungoja tena. Anasema alifikiri: "Nikifika mapema nitatafuta mahali pa kulala, itamsaidia." Alikuwa na nia njema. Tunaandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Kama saa tisa, mpira wa nyuma wa velo ya mama ulitoboka. Pampu ilikuwa mbele. Viraka vilikuwa mbele. Mama alikuwa na kwanga tano na hakuna kitu cha kuzibia tundu. Na mbele, kilometa nyingi, baba alikuwa na pampu na njaa, bila hata karanga moja, tangu asubuhi hajala.

Mama alitandika kitambaa kati ya gunia na kibebeo ili mzigo usiteleze, akaanza kusukuma velo yenye mpira mtupu. Giza la msituni haliji polepole. Watu wawili wenye pikipiki walipita, wakapunguza mwendo, wakatazama gunia, wakaendelea. Hawakusema neno. Ninyi mnaosoma mnajua mwanamke anawaza nini wakati kama ule. Alisukuma akiimba, ili kama kuna mtu karibu asikie kwamba hana woga, ingawa woga alikuwa nao.

Baba alirudi na tochi kama saa mbili usiku. Alikuwa ameacha mzigo wake kwa mwenye nyumba karibu na Bafwaboli, akarudi na velo tupu, akitetemeka kwa njaa na kwa kile alichokuwa akikifikiria njiani. Hatukusalimiana. Mama alimpa kwanga. Baba alikula amesimama, kisha akaziba mpira kwa mwanga wa tochi. Tulifika tulipolala karibu na saa tano. Gunia la mama lilikuwa limeingia maji upande mmoja.

Asubuhi ya siku ya tatu tuligombana, na hatuoni haya kusema. Mama alisema: "Baba watoto, mimi si mzigo uliousahau njiani. Ungefika Kisangani na nusu ya mchele, ungelipa nusu ya mtihani?" Baba alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema: "Mama watoto, nilikuwa nashindana na njia. Nilisahau tuko wawili." Mwenye nyumba, mzee wa makamo ambaye amesukuma velo miaka mingi, alikuwa akitusikiliza huku akikoroga chai. Akasema jambo moja tu: wanaosafiri pamoja humweka mbele yule anayechoka upesi, ili mwendo uwe wake.

Tulifungua magunia yote mbele ya nyumba ile. Tulianika mchele uliolowa. Tulipima upya: baba kilo 75, mama kilo 35. Tuligawa pampu na viraka kwa namna nyingine, na chakula pia, kila mmoja na chake. Kazi hiyo ilikula nusu ya siku, na tulihesabu saa kwa uchungu, maana ilikuwa Alhamisi. Kisha tukaondoka, mama mbele.

Hapo ndipo tulipoona jambo ambalo hatukulitegemea. Mama akiwa mbele, tulikwenda polepole zaidi kwenye kila kilima, lakini hatukusimama tena. Baba mwenye kilo 75 alitoka jasho sawa na mama mwenye 35, na mwisho wa kilima tulifika pamoja, tukapumzika pamoja, tukaondoka pamoja. Mahali tambarare baba alipita mbele kidogo ili kutafuta mkondo mzuri kati ya madimbwi. Kwenye kila daraja tulikutana. Siku ya pili tulikuwa tumegawa kilo sawa, siku ya tatu tuligawa uchovu sawa.

Baada ya kurudi, tuliwasimulia walimu wenzetu. Mmoja wao anapenda sana habari za baiskeli. Alifuata redioni mashindano ya dunia yaliyofanyika Kigali tarehe 21 hadi 28 Septemba 2025, mara ya kwanza kwa mashindano hayo kuletwa Afrika, ambako wanawake walikimbia barabara zile za milima kama wanaume. Ndiye pia aliyetukumbusha juu ya Adrien Niyonshuti, Mnyarwanda aliyekimbia baiskeli ya milimani kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012.

Alipomaliza kutusikiliza alicheka, akasema: "Ninyi mmekimbia Cape Epic bila kujua." Hayo ni mashindano ya baiskeli za milimani huko Afrika ya Kusini, yaliyoanza mwaka 2004. Yanachukua siku 8, kila siku na kituo chake. Hakuna anayeshindana peke yake. Watu hukimbia wawili wawili: wanaume wawili, wanawake wawili, au mwanamume na mwanamke, na wapo wanandoa kati yao. Kanuni ni kali: wenzi wawili hawaruhusiwi kuachana zaidi ya dakika 2. Wakiachana, wanaongezewa muda kama adhabu. Na saa yao haisimami anapofika wa kwanza. Inasimama anapopita mstari wa pili.

Tulimwomba arudie hapo. Dakika 2! Sisi tuliachana saa tano. Mabingwa hao, wenye velo za bei ambayo hatuthubutu kuitaja, wamewekewa kanuni kwa sababu hata wao mwenye nguvu huvutwa kwenda zake. Basi baba wa Bafwasende asijione mbaya kupita wote, na mama asijione dhaifu kupita wote.

Turudi njiani. Ijumaa jioni tulipita uwanja wa ndege wa Bangboka, jua likizama, tukaingia Kisangani gizani. Soko lilikuwa limefungwa. Binti yetu alitukuta kwa shangazi yake, akatutazama miguu, akaenda kuchota maji bila kusema. Jumamosi alfajiri tulikuwa sokoni. Mchele mkavu uliuzwa bei nzuri. Uliolowa, wanunuzi walinusa, wakatoa bei ya chini, na kwa sababu ya saa hatukuweza kubishana. Hiyo ndiyo adhabu yetu ya muda: tulilipa kwa franka. Pesa tulihesabu wawili, mezani, mbele ya binti. Saa tano na nusu alikuwa na risiti mkononi. Kilichobaki hakikutosha kununua velo nyingine kama tulivyoota. Kilitosha chumvi, sabuni, mpira mpya wa velo ya jirani, na lori la kurudi.

Sasa, kwa vikundi vyetu, tunaandika kwa ufupi yale tunayoweza kuwashauri wanaotaka kusafiri hivyo.

1. Pimeni mzigo kwa pumzi. Pandeni pamoja kilima kimoja karibu na nyumbani, velo zimebeba. Anayefika akiweza kuzungumza aongezewe, asiyeweza apunguziwe.

2. Kila velo iwe na viraka vyake, gundi, kipande cha msasa na chakula chake. Pampu ikiwa moja, aibebe anayekuja nyuma, maana wa mbele anaweza kungoja lakini wa nyuma hawezi kumkimbilia. Tundu linatafutwa kwa kutia mpira majini na kutazama mapovu. Ukaushe mpira, usugue kwa msasa, upake gundi, ungoje ikauke kidogo, ndipo ubandike.

3. Kuleni kabla ya njaa, nyweni kabla ya kiu. Maji yachemshwe usiku wa kuamkia safari.

4. Mama avae suruali chini ya kitenge, na kitenge kifungwe kisifike kwenye mnyororo. Abebe vitambaa vya mwezi hata kama siku zake hazijafika. Safari ngumu huweza kubadilisha tarehe zake. Mambo haya baba ayajue pia. Wetu hakujua, na siku ya tatu alijifunza.

5. Wekeni mahali pa kungojana kabla ya kuondoka: kila daraja, kila kijiji, na kabla ya giza lolote. Anayefika kwanza asiondoke mpaka mwenzake apumzike.

Wengine wametuuliza kama baba amebadilika tangu tulipofika. Tujibu kweli: siku nyingine ndiyo, siku nyingine hapana. Juzi jioni, mama alikuwa jikoni, mtoto analia, karatasi za wanafunzi zimejaa mezani, na baba amekwisha kumaliza kusahihisha zake. Mama hakugombana. Alisema tu: "Dakika mbili." Baba akacheka, akainuka, akambeba mtoto.

Katika mkutano wa Alhamisi tunaomba kila kikundi kizungumzie swali hili: nyumbani kwenu, nani ana pampu na nani ana chakula, na mkiachana njiani itakuwaje? Waleteni waume wanaotaka kuja. Velo ya jirani tumeirudisha, na mpira mpya umeshafungwa.