Allyson Felix: Mwanariadha aliyeshinda uwanjani, kisha akapigania wajawazito

Allyson Felix wa Marekani alipostaafu mwaka 2022 alikuwa na medali 11 za Olimpiki, 7 kati yake za dhahabu. Ya kwanza aliipata Athens mwaka 2004 katika mita 200, akiwa na miaka 18. Za mwisho alizipata Tokyo mwaka 2021, akiwa tayari mama.

Kwa nini basi anatajwa hata na watu wasiofuatilia riadha? Jibu liko mwaka 2018.

Novemba mwaka huo, mimba yake ikiwa na wiki 32, alikwenda kupimwa kama kawaida. Ikagundulika yuko katika hatari ya kifafa cha mimba. Alifanyiwa upasuaji wa haraka, na bintiye, aliyezaliwa njiti, akakaa wiki kadhaa katika uangalizi maalumu.

Wakati huo alikuwa akijadiliana mkataba mpya na kampuni ya Nike. Mei 2019 alieleza hadharani kwamba kampuni ilitaka kumlipa asilimia 70 pungufu ya zamani, na ilikataa kumhakikishia kuwa hataadhibiwa akishuka kiwango katika miezi ya karibu na kujifungua. Wanariadha wengine nao walikuwa wamelalamika. Agosti mwaka huo Nike ilibadili masharti: malipo ya mwanariadha mjamzito yasipunguzwe kwa miezi 18.

Hilo lilikuwa ushindi, lakini mkataba hauzuii ugonjwa. Mwaka 2023 Tori Bowie, aliyeshinda pamoja na Felix dhahabu ya kupokezana vijiti Rio mwaka 2016, alifariki akiwa na mimba ya miezi minane. Alikuwa na miaka 32. Ripoti ya uchunguzi ilitaja kifafa cha mimba miongoni mwa mambo yanayoweza kuwa yalichangia.

Tunaona somo moja hapa. Wanawake hawa walikuwa na nguvu kuliko wengi wetu, lakini nguvu si kinga. Hatari ya Felix ilionekana kwa sababu alikwenda kupimwa. Kwa hiyo kila siku ya kliniki, mama mjamzito apimwe presha na mkojo. Akiumwa kichwa kikali, akiona ukungu machoni, au akivimba uso na mikono, asingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Aende kituo cha afya siku hiyohiyo, na walio nyumbani wamsindikize.