Deni la Wafugaji Lilipwe Kabla ya 2030

Mwaka 1965, Waraka wa Bunge la Kenya Nambari 10, uliotayarishwa Tom Mboya akiwa waziri wa mipango, uliagiza fedha za maendeleo zipelekwe kwenye ardhi yenye rutuba, mvua, umeme na barabara. Maeneo ya wafugaji kama Turkana, Samburu, Marsabit na Mandera hayakuwa na sifa hizo, yakaachwa. Umaskini wa mfugaji, basi, haukuletwa na ukame peke yake, ulipangwa Nairobi. Katiba ya 2010 ilikusudia kurekebisha dhuluma hiyo: Kifungu cha 204 kinaiwekea Hazina ya Usawazishaji nusu asilimia ya mapato ya serikali kuu kila mwaka, ili maeneo yaliyotengwa yapate maji, barabara, huduma za afya na umeme. Lakini sehemu kubwa ya fedha hizo haijatoka.

Kifungu hicho hakitaji shule, ila shule inasimama juu ya mambo hayo manne. Msichana anayeshinda njiani akitafuta maji hawezi kuwa darasani, na mwalimu hadumu mahali pasipo barabara wala zahanati. Riziki nayo ni vivyo hivyo. Pasipo barabara, mfugaji humwachia dalali mbuzi wake kwa bei ya dalali. Nyama ikishapita vichinjio vya Nairobi na kufika buchani mtaani Lavington, faida kubwa imebaki njiani. Faida hiyo ndiyo ingelipa karo ya sekondari.

Wapo wanaosema kaunti hizi zimekuwa zikipata mgao wa serikali kuu tangu 2013, kwa hiyo zisidai zaidi. Mgao huo unalipa mishahara na huduma za leo. Peke yake hautoshi kuziba pengo la miaka hamsini. Wengine wanahofia fedha zitaliwa. Hofu hiyo ina msingi, lakini dawa yake ni ukaguzi na mashtaka. Mbona kandarasi zikiliwa Nairobi hakuna anayependekeza jiji linyimwe barabara?

Muda unayoyoma. Katiba iliipa hazina hii miaka 20, inayokwisha Agosti 2030, na kuiongeza kunahitaji kura za zaidi ya nusu ya wabunge wa Bunge la Taifa na zaidi ya nusu ya kaunti katika Seneti. Wizara ya Fedha itoe ratiba ya kulipa malimbikizo yote, na Bunge lianze sasa kujadili nyongeza ya muda. Mdaiwa asiruhusiwe kungoja deni life lenyewe.