Pikipiki mpya ikamilishwe kabla ya kupambwa

Nami natoa maoni yangu juu ya jambo linalowagusa vijana wengi, hasa sisi tunaoishi huku Bonde la Ziwa Rukwa. Jambo lenyewe ni ununuzi wa pikipiki mpya, pamoja na vile vifaa vya nyongeza ambavyo mnunuzi hushawishiwa kuvifunga siku ileile anapoitoa dukani.

Hapa Galula, wilayani Songwe, kila msimu wa kuuza ufuta na mpunga huonekana pikipiki mpya kijijini. Hilo ni jambo la kujivunia. Zamani pikipiki ilikuwa ya bwana shamba, ya mganga au ya padri. Leo ni ya mkulima mwenyewe, na kazi inayofanya haina mfano. Ndiyo inayobeba gunia la mpunga kutoka shambani, ndiyo inayompeleka mfanyabiashara mnadani, na usiku wa manane ndiyo inayompeleka mama mjamzito Hospitali ya Mwambani kule Mkwajuni. Kwa hiyo ninapozungumzia pikipiki sizungumzii anasa. Nazungumzia chombo cha uzalishaji mali na cha kuokoa maisha.

Lakini ni jambo la kusikitisha kuona jinsi chombo hicho kinavyonunuliwa. Kijana anafika dukani na fedha za jasho lake, au na fedha za mkopo, na jambo la kwanza analouliza ni rangi. La pili ni taa za kumetameta na redio. Kofia ngumu anaikumbuka mwisho, fedha zikiwa zimekwisha, na mara nyingi haikumbuki kabisa.

Kwa maoni yangu, mnunuzi aanze na pikipiki yenyewe. Sina nia ya kumpigia debe mtengenezaji yeyote. Huku kwetu zimejaa Boxer na TVS kutoka India, na zipo za Kichina za majina mengi. Swali la kwanza la mkulima liwe hili: spea zake zinapatikana wapi, na ni fundi gani wa karibu anayeifahamu? Pikipiki nzuri ambayo kebo yake ya klachi hupatikana Dar es Salaam peke yake si nzuri kwa mtu wa Galula.

Swali la pili ni magurudumu. Zipo pikipiki zenye rimu za kumimina, ambazo zinapendeza macho, na zipo zenye spoku. Kwenye lami rimu za kumimina hazina shida. Lakini katika njia zetu za mawe na makorongo, rimu ya kumimina ikipasuka haina tiba ila kununua nyingine. Spoku ikikatika, fundi wa kijijini huibadilisha na kuinyoosha rimu chini ya mwembe.

Swali la tatu ni kiki ya mguu. Nimeona watu wakiidharau kwa kuwa siku hizi pikipiki huwashwa kwa kubonyeza kitufe. Siku betri inapokufa ukiwa porini, ndipo utakapojua faida ya kiki. Na swali la nne ni ukubwa wa injini. Kwa mtu anayezunguka kijijini peke yake, injini ya 100 au 125 inatosha na hula mafuta kidogo. Kwa anayepanda milima kutoka bondeni kwenda Mbalizi na mzigo nyuma, injini ya 150 haitachoka mapema.

Sasa nije kwenye vifaa vya nyongeza. Mimi navigawa katika mafungu mawili: vile vinavyomlinda mtu na mzigo wake, na vile vinavyompendeza mtazamaji.

Katika fungu la kwanza naweka kofia ngumu mbele ya yote, tena ziwe mbili, moja ya dereva na moja ya abiria. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka mwendesha pikipiki avae kofia ngumu. Uchunguzi mwingi uliofanywa katika nchi mbalimbali na kukusanywa pamoja na wataalamu umeonyesha kuwa kofia hiyo hupunguza hatari ya kufa katika ajali kwa kiasi cha asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa kiasi cha asilimia 69. Hakuna kifaa kingine chochote kinachofungwa kwenye pikipiki ambacho kinaweza kufanya kazi hiyo. Hata hivyo, kofia isiyofungwa ukanda chini ya kidevu ni kama haikuvaliwa, kwa sababu huruka kabla kichwa hakijafika chini. Na ile ya plastiki nyepesi, isiyo na tabaka gumu la povu ndani, ni ya kumdanganya askari tu. Kichwa haidanganyi.

Wapo wanaosema kofia ni ghali. Nakubali kwamba kofia nzuri si ya bei ya chini. Tena mwaka 2021 Serikali ilipunguza faini ya makosa ya pikipiki kutoka shilingi 30,000 hadi shilingi 10,000 kwa kosa, nayo ilikuwa nafuu kubwa kwa vijana. Lakini nimewasikia wengine wakipiga hesabu kwamba ni rahisi kulipa faini kuliko kununua kofia. Hesabu hiyo ina kasoro moja: risiti ya faini haizuii lami.

Cha pili katika fungu hili ni kifaa ambacho watu wengi hawakitambui hata jina. Ni ile kinga ya chuma inayofungwa ubavuni mwa gurudumu la nyuma ili nguo ya abiria isiingie kwenye spoku. Ndugu Mhariri, mama zetu na dada zetu huvaa kanga na vitenge, na wengi hukaa upande. Upindo wa kitenge ukishanaswa na gurudumu linalozunguka, humvuta mtu chini kabla dereva hajajua kuna nini. Kinga hiyo ni vyuma vichache tu na haina fahari yoyote. Baadhi ya pikipiki zinazouzwa kwetu huwa nayo na nyingine hazina. Jambo la kushangaza ni kwamba hata zinazokuja nayo, wenyewe huing'oa kwa kuwa eti inaharibu umbo. Mwaka jana nilimsindikiza mpwa wangu kwenye duka moja mjini Tunduma. Tulipoiuliza kinga hiyo, muuzaji alicheka akasema hiyo ni ya wanawake wa Kihindi. Nikamwuliza, na wanawake wa Galula hupanda nini? Hakunijibu.

Cha tatu ni keria imara, iliyochomelewa vizuri na kufungwa kwenye fremu kwa bolti nene. Mzigo uliofungwa kwa mpira juu ya kiti huteleza, na dereva akigeuka kuushika ndipo anapoingia korongoni. Cha nne ni bampa ya mbele. Bampa huilinda injini na kuuachia mguu nafasi pikipiki inapolala kwenye tope, jambo ambalo ni la kila siku masika. Lakini vijana wasidanganyike kwamba bampa humkinga mtu anapogongana na lori. Cha tano ni vioo vya pembeni. Hivyo huja na pikipiki kutoka kiwandani, lakini vingi hufunguliwa wiki ya kwanza na kuwekwa kabatini. Kwa mtu anayefika barabara kuu ya Tunduma, ambako malori ya kwenda na kutoka Zambia hayana idadi, kuendesha bila vioo ni kuyaweka maisha rehani.

Fungu la pili ni mapambo. Humo zimo taa za rangirangi, redio na spika, ekzosi ya kupiga kelele, na ule mwavuli mkubwa unaofungwa juu ya pikipiki. Kila kimoja kina hasara yake. Betri ya pikipiki ni ndogo, na umeme unaozalishwa na injini umepimwa kwa taa zake, honi na stata. Ukiongeza taa sita na spika mbili, betri huchoka, taa kubwa hufifia, na nyaya zilizounganishwa ovyo huweza kushika moto. Zile taa nyeupe kali za mbele humpofusha mwenzako anayekuja, naye akipofuka ndiye atakayekugonga. Mwavuli nao hukamata upepo kama tanga la ngalawa. Dereva anayeteremka kuja bondeni, upepo wa ubavuni ukimpiga, mwavuli huo utamwendesha badala ya yeye kuendesha.

Natambua kwamba vijana wana hoja yao. Husema kuwa pikipiki iliyopambwa hupata abiria wengi, na kwamba mtu anayeshinda juani kutwa nzima anastahili kivuli na muziki. Hoja hiyo siidharau. Kazi ya bodaboda ni ngumu, na kujipenda si dhambi. Ninachosema ni utaratibu wa kutangulia. Kofia mbili, kinga ya gurudumu, keria na vioo vikishakamilika, kisha fedha ikabaki, mtu ana haki ya kubandika maua atakayo. Na abiria nao wana wajibu. Tukikataa kupanda pikipiki isiyo na kofia ya pili, na tukikataa kupandishwa mshikaki watu watatu wanne, madereva watabadilika bila hata kusukumwa na askari.

Tuangalie pia upande wa fedha. Vijana wengi hawanunui kwa fedha taslimu bali huchukua pikipiki ya mkataba. Tuchukue mfano wa anayerejesha shilingi 10,000 kila siku kwa mwaka mmoja. Atakuwa amelipa shilingi 3,650,000. Katika mkataba kama huo, kila shilingi 50,000 inayokwenda kwenye taa na spika ni marejesho ya siku tano. Kijana huyo akianguka akavunjika mguu, marejesho hayasimami. Mwenye chombo huja kuchukua chombo chake, na nyumbani hubaki mgonjwa na deni.

Hata hivyo haitakuwa haki lawama zote tukawatupia vijana. Pikipiki ni chombo cha ajabu kinachouzwa nusu. Hakuna anayeuza jembe kisha akakuambia ubapa unalipiwa mbali. Kule India, zinakotoka pikipiki nyingi tunazopanda, kanuni za magari za mwaka 1989 zinataka kila pikipiki iwe na mshikio wa abiria, vikanyagio vyake, na kinga inayoziba angalau nusu ya gurudumu la nyuma ili nguo zisinaswe. Kanuni hizohizo zinamtaka mtengenezaji atoe kofia ngumu pikipiki inaponunuliwa. Kama mnunuzi wa kule analindwa hivyo na pikipiki ni zilezile, kwa nini mnunuzi wa Tunduma au Mkwajuni apewe chombo kisichokamilika, kisha aambiwe kofia ni nyongeza?

Kwa hiyo nina maombi matatu kwa wahusika. Kwanza, utungwe utaratibu wa kumtaka kila muuzaji wa pikipiki mpya aitoe ikiwa na kofia mbili zilizothibitishwa na Shirika la Viwango, TBS, pamoja na kinga ya gurudumu la nyuma, bei yake ikiwa ndani ya bei ya pikipiki. Yule anayeweza kukopeshwa milioni tatu hashindwi kukopeshwa na kofia.

Pili, halmashauri zetu hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo ya vikundi, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kinapoomba mkopo wa pikipiki, yafaa ofisa maendeleo ya jamii aikague ankara. Kama haina kofia na kinga, irudishwe ikaandikwe upya. Hilo halihitaji sheria mpya wala bajeti mpya. Ni kalamu tu.

Tatu, kabla ya kukabidhiwa pikipiki, mnunuzi apate mafunzo na leseni. Ni kawaida huku kwetu kijana kujifunza kuendesha jioni ya siku aliyonunua, na kesho yake asubuhi akabeba abiria. Kifaa cha kwanza cha usalama ni dereva anayejua kuteremka mlima kwa gia ndogo bila kuzichosha breki.

Mwisho, nawaomba wazazi wenzangu ambao mwaka huu wameuza ufuta na wanataka kuwanunulia vijana wao pikipiki, waende nao dukani. Waache kijana achague rangi, maana ndiye atakayeipanda. Lakini orodha ya vifaa waishike wao, na wasitoke dukani mpaka kofia ya pili imefungwa kwenye keria. Hiyo kofia ya pili huenda ikavaliwa na mama yake.



Mkulima,
Galula, Songwe.