Ile picha ya melini haikuwaambia kila kitu

Kuna picha yangu moja mnaijua. Nimesimama juu ya meli, shati jeupe limenyooka, bahari nyuma yangu, na juu nimeandika "Kutoka Likoni hadi Barbados". Sijawahi kuposti kitu kikapendwa kama kile.

Wiki iliyopita nimejua kuna mtu imemgharimu. Mtoto wa mamangu mdogo, kule Mtongwe, alimpa wakala mmoja shilingi 80,000 ili "amuingize melini". Sasa simu ya wakala haipatikani. Nilipomuuliza dogo mbona hukuniuliza mimi kwanza, akanijibu, "Niulize nini na nilikuwa nakuona?"

Basi hebu niwaambie ile picha ilipigwa vipi.

Tulikuwa tumetoka Tenerife, tunavuka Atlantiki kwenda Barbados. Siku sita, maji matupu. Mimi nilikuwa dobi, chini kabisa ya meli, mahali hakuna hata dirisha. Juu nilipanda dakika kumi, nikavuta hewa, nikapigwa picha, nikashuka. Na lile shati, wallahi, nililiazima.

Watu hudhani siku za katikati ya bahari ndizo za raha, manake meli haina pa kusimama. Kwa abiria ni kweli. Kwetu ni kinyume. Meli ikitia nanga, abiria wengi hushuka kutembea, na wewe ukibahatika na zamu unapata masaa mawili ya kukanyaga ardhi. Wakati wa kuvuka hakuna wa kushuka. Wote wako ndani, wanakula, wanaogelea, na kila anayetoka majini anataka taulo kavu. Taulo zinateremka kama mvua ya masika. Jumapili hakuna. Idi nayo inakupita ukiwa unakunja shuka.

Halafu kuna saa. Tenerife hadi Barbados ni tofauti ya masaa manne, kwa hivyo usiku kadhaa mshale unarudishwa saa moja nyuma. Unapata usingizi wa ziada, sikatai. Lakini kila ukirudishwa, nyumbani panazidi kuwa mbali. Tukiwa Tenerife, nikimaliza zamu saa nne usiku, Likoni ilikuwa saa saba usiku, mamangu amelala. Tulipofika Barbados, saa nne yangu ilikuwa saa kumi na moja alfajiri yake. Ndipo nikampata, anatawadha. Aliniuliza, "Umekula?" Nikasema nimekula. Sikumwambia nimekula nimesimama.

Sasa msinielewe vibaya. Sisemi msiende. Ule mkataba umeezeka nyumba ya mamangu mabati mapya na kulipa karo ya mdogo wangu. Nikiitwa tena, naenda. Ninachosema ni kwamba wakala tapeli hahitaji kusema uongo mwingi. Sisi tuliorudi tumeshamtangazia biashara bure kwa picha zetu.

Kwa hivyo shikeni haya. Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa 2006, ambao Kenya iliuridhia 2014, unakataza baharia kutozwa pesa ili atafutiwe kazi. Unaweza kulipia paspoti yako, kitabu chako cha baharia na cheti chako cha daktari. Mafunzo ya usalama, kama kuzima moto, kujiokoa majini na huduma ya kwanza, ada yake unailipa kwenye chuo, na unapewa cheti. Lakini pesa ya "kuingizwa"? Hiyo hapana. Wakala halali lazima awe na leseni ya KMA, na KMA iko hapa hapa Mombasa. Nenda ukaulize jina lake kabla hujatuma hata shilingi.

Mkataba huo huo unasema upate angalau masaa 10 ya kupumzika katika kila 24, na 77 kwa wiki. Jua haki yako kabla hujapanda, manake ukiwa katikati ya bahari hakuna pa kukimbilia.

Najua kuna watakaosema naharibia vijana ndoto. Ndoto ya dogo haikuharibiwa na ukweli. Iliharibiwa na dakika zangu kumi za juu, kwa sababu yale masaa mengine yote nilinyamaza.

Mnajua vile meli kubwa ya watalii ikiingia Kilindini, feri inangoja ipite na sote tunainua simu? Siku nyingine angalia chini, karibu na maji, pale pasipo na madirisha. Nilikuwa pale.

Kesho naenda na dogo kupiga ripoti. Ile picha sitaifuta, ila maandishi nimeyabadilisha. Na kama kuna mtu anakuitisha pesa za meli sa hii, niandikie kabla hujatuma. Nitajibu, hata kama ni saa kumi na moja alfajiri.