Kutoka Kigali hadi Kimara: Mbio za baiskeli na deni la barabara zetu

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

JUMAPILI ya Septemba 28, 2025, Tadej Pogačar wa Slovenia alivuka mstari wa mwisho akiwa peke yake jijini Kigali, Rwanda, na kutetea ubingwa wa dunia wa mbio za baiskeli za barabarani kwa wanaume. Nyuma yake walifuata Remco Evenepoel wa Ubelgiji na Ben Healy wa Ireland. Kwa wapenzi wa mchezo huu katika Afrika Mashariki, hata hivyo, habari kubwa zaidi ilikuwa mahali mbio hizo zilipofanyika. Mashindano ya dunia ya Shirikisho la Kimataifa la Mchezo wa Baiskeli (UCI), yaliyoanza mwaka 1921, yalikuwa yanakanyaga ardhi ya Afrika kwa mara ya kwanza, tena katika nchi tunayopakana nayo pale Rusumo, Wilaya ya Ngara.

Tukio hilo limewapa Watanzania wengi sababu ya kuufuatilia mchezo ambao kwa muda mrefu ulionekana kuwa wa Wazungu. Pia limeacha swali linalowahusu hata wasiojua jina la mwendesha baiskeli mmoja. Mpira wa miguu una uwanja wake wenye uzio, lakini uwanja wa mbio za baiskeli ni barabara ileile inayotumiwa na basi, lori, bodaboda na mwanafunzi anayekwenda shule. Kwa mkazi wa Kimara, anayeishi kando ya Barabara ya Morogoro, kuupenda mchezo huu ni pamoja na kuitazama barabara hiyo kwa jicho jipya.

Mchezo wa timu wenye mshindi mmoja

Anayeanza kufuatilia mbio hizi hukutana kwanza na jambo linalomchanganya. Washiriki wanakwenda kwa timu, lakini anayepanda jukwaani ni mtu mmoja. Siri yake ni upepo. Mwendesha baiskeli aliyejificha nyuma ya mwenzake huokoa nguvu nyingi, hadi karibu theluthi moja ya zile ambazo angetumia akiwa mbele peke yake. Kwa sababu hiyo kila timu ina kiongozi anayelindwa na wasaidizi wanaomkinga upepo, wanaomletea maji kutoka kwenye gari la timu, na hata wanaompa baiskeli yao ikiwa yake imeharibika. Wengi wao humaliza siku wakiwa nyuma kabisa, na kazi yao imetimia.

Hapo ndipo utamu wa kutazama unapoanza. Karibu kila siku kikundi kidogo huchomoka mapema na kuwaacha wenzao kwa dakika kadhaa. Asiyeujua mchezo hudhani mambo yamekwisha. Wahenga walisema kutangulia si kufika, na mara nyingi msafara mkubwa, kwa kupokezana upepo, huwameza watangulizi hao kilomita chache kabla ya mwisho. Shabiki mzoefu hatazami nani yuko mbele tu. Hupiga hesabu ya nani bado ana wasaidizi na nani amebaki yatima.

Tour de France, mbio kubwa kuliko zote, huwa na hatua 21 zinazokimbiwa kwa wiki tatu za mwezi Julai. Jezi ya njano huvaliwa na mwenye jumla ndogo zaidi ya muda, ya kijani hupewa anayeongoza kwa pointi, hasa wenye kasi ya kumalizia, nyeupe yenye madoa mekundu ni ya mfalme wa milima, na nyeupe ni ya kijana bora. Kwa saa za Tanzania, hatua nyingi hufikia tamati karibu na saa 12 jioni au muda mfupi baadaye. Ndio wakati mabasi ya mwendokasi yanapomwaga abiria Kimara Mwisho, na vibanda vya kuonyesha mpira vinapoanza kujaa. Ni nadra kukuta kibanda kinachoonyesha baiskeli. Shabiki wa mchezo huu hutegemea zaidi simu yake ya mkononi.

Ili kupima ukubwa wa kazi yao, vitumike vipimo vya hapa nyumbani. Mbio za wanaume za Kigali zilikuwa na urefu wa kilomita 267.5, umbali unaozidi kwa mbali ule wa kutoka Kimara hadi Morogoro mjini. Jumla ya miinuko waliyopanda ilifikia mita 5,475, pungufu kidogo tu ya mita 5,895 za kilele cha Kilimanjaro, na yote hayo yalifanyika ndani ya siku moja, kwa saa zaidi ya sita. Kati ya washiriki zaidi ya 160, waliomaliza ni 30.

Waafrika jukwaani

Kigali haikuibuka ghafla. Mwaka 2015 timu ya MTN-Qhubeka ya Afrika Kusini ilishiriki Tour de France, na Daniel Teklehaimanot wa Eritrea akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kuvaa jezi ya mfalme wa milima katika mbio hizo. Mwaka 2022 Mweritrea mwenzake, Biniam Girmay, alishinda Gent-Wevelgem nchini Ubelgiji. Julai 1, 2024, mjini Torino, Girmay akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya Tour de France. Aliongeza hatua mbili nyingine na kurejea nyumbani na jezi ya kijani. Chanda chema huvikwa pete.

Kwa wanawake, mwaka 2025 Kimberley Le Court wa Mauritius alishinda Liège-Bastogne-Liège, mojawapo ya mbio kongwe na ngumu za Ulaya. Majira hayohayo alishinda hatua ya Tour de France ya wanawake na kuvaa jezi ya njano.

Historia ya jirani zetu wa Kenya ina somo chungu zaidi. Chris Froome, aliyetwaa Tour de France miaka ya 2013, 2015, 2016 na 2017, alizaliwa Nairobi na kufundwa na David Kinjah katika vilima vya Kikuyu. Aliiwakilisha Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Melbourne mwaka 2006, kisha mwaka 2008 akahamia leseni ya Uingereza. Ushindi wake wote mkubwa ukaandikwa kwa jina la nchi nyingine. Ukanda huu ulikuwa na mwalimu, mwanafunzi na milima. Ulikosa mfumo wa kuwabakiza.

Rwanda ililipa gharama gani

Rwanda ilichagua njia ndefu. Mbio zake za taifa, Tour du Rwanda, zilianza mwaka 1988, zikaingia kwenye kalenda ya UCI mwaka 2009, na kupandishwa daraja mwaka 2019. Kati ya mwaka 2014 na 2018 mabingwa wote walikuwa Wanyarwanda: Valens Ndayisenga mara mbili, Jean Bosco Nsengimana, Joseph Areruya na Samuel Mugisha. Daraja lilipopanda, timu zenye nguvu zaidi zilifika, na kuanzia mwaka 2019 hadi 2025 hakuna Mnyarwanda aliyetwaa taji hilo.

Wapo wanaoweza kuiita hali hiyo hasara, lakini mtazamo huo haujakamilika. Bila kukubali kushindwa nyumbani, Kigali isingefikia viwango vilivyoifanya iaminiwe kuandaa mashindano ya dunia. Hata wiki yenyewe ya mashindano ilikuwa na gharama kwa raia wa kawaida. Barabara za mji mkuu zilifungwa, shule zikapumzishwa na watumishi wa umma wakahimizwa kufanyia kazi nyumbani. Serikali na wananchi walikubaliana kwamba kwa siku nane barabara itakuwa uwanja. Makubaliano ya aina hiyo ndiyo mtaji wa kwanza wa mchezo huu, kabla hata ya baiskeli za bei kubwa.

Tanzania si wageni wa baiskeli

Ingekuwa kosa kudhani kwamba Tanzania inaanza kutoka sifuri. Katika Kanda ya Ziwa, hasa Mwanza, Shinyanga na Simiyu, mashindano ya baiskeli yamekuwa sherehe ya watu kwa miongo mingi. Wanaume kwa wanawake hushindana, wengi wao juu ya baiskeli zilezile za Phoenix wanazobebea magunia na madumu ya maji siku za kazi. Chama cha Baiskeli Tanzania (CHABATA) kipo, na Baraza la Michezo la Taifa (BMT) limepewa na sheria jukumu la kuendeleza michezo yote, mikubwa na midogo.

Pengo lililopo ni la daraja kati ya ngazi moja na nyingine. Kijana wa Bariadi anayeshinda kwa baiskeli ya chuma ana miguu na mapafu, lakini hana baiskeli ya mashindano, kocha wala kalenda ya mbio za kutosha kumfikisha mbele ya macho ya timu za kimataifa. Mwendesha baiskeli wa kulipwa hujengwa na makumi ya siku za mashindano kwa mwaka. Mbio moja ya tamasha, hata ikiwa na zawadi nono, haiwezi kufanya kazi hiyo.

Nchi yetu, pamoja na Kenya na Uganda, inajiandaa kupokea Fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 2027. Ni haki soka ipewe uzito wake. Hata hivyo, maandalizi hayo yanajenga uzoefu wa kuratibu ulinzi, usafiri, huduma za dharura na wageni, na uzoefu huo unaweza kuinufaisha michezo mingine, ukiwemo huu ambao hauhitaji kujengewa uwanja mpya.

Kipimo chake ni Barabara ya Morogoro

Kimara ni mahali pazuri pa kulipima jambo hili. Awamu ya kwanza ya mradi wa mabasi yaendayo haraka, iliyoanza kutoa huduma Mei 2016, ilijengwa ikiwa na njia za waenda kwa miguu na za baiskeli kandokando yake. Kutoka Kimara kwenda Kibaha, kilomita 19.2 za barabara zimepanuliwa kuwa njia nane. Bingwa wa mbio za kupambana na saa angeumaliza umbali huo kwa takriban dakika 25. Pembeni yake, mitaa ya Saranga na Bonyokwa ina vilima vinavyoweza kumfunza kijana kupanda bila kusafiri mbali.

Miundombinu, kwa maneno mengine, imepiga hatua. Matumizi yake ndiyo yanayotudai. Ni jambo la kawaida kukuta njia ya baiskeli imekuwa egesho la bodaboda au meza ya biashara ndogo, na mwendesha baiskeli kulazimika kushuka barabarani kati ya magari yaendayo kasi. Barabara ikipanuka, mwendo wa magari huongezeka, na kosa dogo la dereva humgharimu zaidi yule asiye na bodi ya chuma ya kumkinga. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu milioni 1.19 hufariki dunia kila mwaka kwa ajali za barabarani, na zaidi ya nusu yao ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki.

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inamhesabu mwendesha baiskeli kuwa mtumiaji wa barabara, mwenye haki na wajibu. Haki yake ni kupewa nafasi. Wajibu wake ni kutii taa na alama, kuwa na breki zinazofanya kazi, na kuonekana usiku. Kofia ngumu isihesabiwe kuwa pambo la mashindano. Hata mabingwa wa dunia hawaruhusiwi kuanza mbio bila kuivaa.

Yanayowezekana

Hatua tatu zinafaa kutafakariwa na wadau. Haya ni maoni ya uchambuzi na si tangazo. Ya kwanza ni kuzirudisha njia za baiskeli kwa wenyewe, kwa ushirikiano wa Manispaa ya Ubungo, wasimamizi wa barabara na viongozi wa mitaa, pamoja na kuwatafutia wafanyabiashara na bodaboda maeneo mbadala yanayofikika. Kuwaondoa bila mbadala ni kuwakaribisha warudi kesho yake.

Ya pili ni kutenga saa chache za asubuhi, Jumapili moja moja, kwa ajili ya mbio za vijana katika kipande cha barabara kinachoweza kufungwa chini ya usimamizi wa Kikosi cha Usalama Barabarani. Mbio fupi za mara kwa mara humjenga mshindani kuliko tamasha la mara moja kwa mwaka, na huwazoesha madereva kuishi na baiskeli.

Ya tatu inawahusu mashabiki wenyewe. Mwaka 2026 Tour de France inaanzia Barcelona, Hispania, na mashindano ya dunia yanakwenda Montreal, Canada. Anayekesha kufuatilia Pogačar na Girmay ana nafasi ya kumfundisha jirani kanuni za mchezo, kumsindikiza kijana kwenye mashindano ya ndani, na akiwa nyuma ya usukani, kumpisha mwenye baiskeli kwa umbali wa kutosha.

Kijana anayetoka Temboni alfajiri kwenda kibaruani kwa baiskeli huenda asivae jezi ya rangi yoyote maishani mwake. Lakini barabara itakayomfikisha salama kazini na kumrudisha nyumbani jioni ndiyo itakayomwezesha mdogo wake kufanya mazoezi bila mama yao kukaa roho juu. Bila barabara ya namna hiyo, bingwa wetu wa kesho anaweza kupotea kabla hatujamjua jina.