Sifa Bila Haki ni Kejeli

Wapo watu wanaoamini kwamba mwanamke akishasifiwa amekwisha kulipwa. Kasumba hii imejidhihirisha wazi nchini Ireland, katika habari ya timu ya wanawake ya Kaunti ya Cork, na haina budi kufichuliwa.

Timu hiyo hucheza mpira wa Kigaeli, mchezo wa jadi wa Waireland. Kila upande una wachezaji 15. Mpira hudakwa kwa mikono na kupigwa kwa miguu. Ukiingia wavuni ni pointi 3, ukipita juu ya mtambaa wa panya kwa kawaida ni pointi 1. Chama cha michezo hiyo kiliasisiwa mwaka 1884 katika hoteli ya Hayes, mjini Thurles, wakati nchi ikitawaliwa na Waingereza, kwa nia ya kuokoa michezo ya wananchi isimezwe na ile ya mtawala. Lilikuwa jambo la kishujaa. Lakini mashujaa hao waliukomboa mchezo wakawasahau dada zao. Ilipita miaka 90 kabla wanawake hawajaunda chama chao wenyewe, mwaka 1974, katika hoteli ile ile! Ukombozi unaoiacha nje nusu ya umma ni nusu ya ukombozi.

Hadi mwaka 2004 wanawake wa Cork hawakuwa wamepata kutwaa ubingwa mkuu wa Ireland nzima hata mara moja. Mwaka huo walimpata mwalimu Éamonn Ryan, mzee aliyekwisha kuvuka umri wa miaka 60, aliyewafundisha kuupenda mpira na kuchukia uzembe. Mwaka 2005 wakatwaa kombe. Kuanzia hapo hadi 2016 walilichukua mara 11 katika miaka 12. Mwaka 2010 tu ndipo lilipokwenda Dublin. Katika fainali ya 2014 walikuwa nyuma kwa pointi 10, muda umebaki takriban robo saa, nao wakashinda kwa pointi moja. Rena Buckley na Briege Corkery walijikusanyia medali 18 za ubingwa kila mmoja, katika mpira huo na katika mchezo wa magongo wa wanawake. Hayo yote waliyafanya bila mshahara, baada ya kazi zao za kila siku.

Sasa tuwasikilize wapinzani wa usawa. Kwanza wanadai kwamba wanawake hawana watazamaji. Huo ni uongo. Fainali ya wanawake ya mwaka 2019, kati ya Dublin na Galway, ilihudhuriwa na watu 56,114 katika uwanja wa Croke Park. Umma ulikwisha kutoa uamuzi wake. Waliochelewa ni wenye madaraka.

Hoja yao ya pili ni ya hila zaidi. Wanasema: Cork walishinda bila kupewa kitu, basi msaada wa nini? Yaani ushindi wa mnyonge unageuzwa kuwa hoja ya kuendelea kumnyima! Mkulima akivuna vizuri kwa jembe bovu, je, tumwambie kwamba jembe bovu ndilo linalomfaa? Cork walishinda licha ya dhiki, si kwa sababu ya dhiki. Tena hatutajua kamwe ni kaunti ngapi zilizovunjika njiani kwa dhiki hiyo hiyo.

Ushahidi upo. Katika fainali ya 2016, Cork waliishinda Dublin kwa pointi moja, huku kukiwa na ubishi juu ya pigo la Dublin lililokataliwa. Mtambo wa kuamua mabishano ya namna hiyo, uliokuwa ukitumika kwa wanaume katika uwanja ule ule, haukutumika siku hiyo. Hivyo hata mabingwa walinyimwa ushindi usio na shaka. Desemba 2020, nusu fainali ya Cork na Galway ilihamishwa uwanja mara mbili. Mara ya pili ilikuwa siku ile ile ya mechi, na Galway wakapewa dakika chache tu za kupasha misuli. Nani angethubutu kuwatendea hivyo wanaume?

Ni kweli kwamba mambo yameanza kubadilika. Mwaka 2021 Serikali ya Ireland iliongeza ruzuku ya wachezaji wanawake wa timu za kaunti kutoka euro 700,000 hadi euro milioni 2.4. Vyama vitatu vya michezo hiyo vimeazimia kuungana ifikapo 2027, katika mpango unaosimamiwa na Rais wa zamani, Mary McAleese. Lakini muungano wa karatasi hautoshi. Kipimo chake kitakuwa viwanja, nauli, matibabu na ratiba.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Wanawake wa Cork wamekwisha kusifiwa vya kutosha. Wanachodai wenzao wanaowafuata ni haki, na haki haingoji mtu atwae makombe 11 ndipo apewe.