Kikinga Kilichoondolewa: Mashine ya Kufyekea na Wodi ya Majeruhi

Mashine ya kufyekea inayofungwa nyuma ya trekta imewaondolea wakulima sulubu kubwa. Kufyeka vichaka kati ya mistari ya mikorosho au mkonge, kazi iliyohitaji kundi la watu wenye mapanga kutwa nzima, sasa dereva mmoja huimaliza kwa saa chache. Lakini mashine hiyo haidumu sana katika umbo lililotoka nalo kiwandani. Hufika kwa fundi wa kuchomelea, hukatwa hapa na kuongezwa pale, na katika marekebisho hayo ndimo baadhi ya majeraha ya msimu unaofuata yanamoanzia. Kwa sababu hiyo karakana ni mahali pa kinga ya afya kama kilivyo kisima cha kijiji, na inastahili kutazamwa hivyo na wahudumu wa afya.

Shafti inayopeleka nguvu kutoka kwenye trekta kwenda kwenye mashine huzunguka, kwa kawaida, mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kwa sekunde. Ncha ya kanga, shuka au koti la mvua ikinaswa na shafti yenye kipenyo cha sentimita 7, nusu sekunde tu hutosha kuvuta takriban mita moja ya nguo. Mtu hapati nafasi hata ya kupiga kelele. Ndiyo maana kiwanda huifunika shafti kwa bomba la plastiki. Bomba hilo hupasuka kwa jua, hulegea, na likianza kupiga kelele huondolewa na kutupwa. Trekta huendelea kufanya kazi vilevile, wala hakuna anayeona kwamba kuna kilichopungua.

Chini ya bati la mashine hatari ni ya namna nyingine. Kisu chenye nusu kipenyo cha sentimita 75, kikizunguka mara 1,000 kwa dakika, ncha yake hukimbia kwa zaidi ya kilomita 270 kwa saa. Jiwe likiguswa na ncha hiyo hurushwa kama risasi. Minyororo inayoning'inia mbele na nyuma ya mashine ipo ili ilizuie, nayo ndiyo hukatwa kwanza pale mwenye shamba anapolalamika kwamba vichaka virefu haviingii vizuri.

Yapo marekebisho mengine mawili yanayotisha. Visu vya kiwandani hufungwa kwa bolti zinazoviruhusu kukunjika nyuma vinapogonga kisiki; fundi huvichomelea vikawa imara, au huweka vipya vilivyochongwa kutoka springi za gari. Chuma cha springi kikishachomelewa bila utaalamu huwa chepesi kuvunjika, na kipande chake huruka kuelekea kusikojulikana. Vilevile bolti laini iliyowekwa makusudi ikatike ili kuokoa giaboksi hubadilishwa kwa kipande cha nondo. Kinachookolewa ni shilingi chache. Si haki kuyaita yote haya uzembe: fundi ametimiza alichoombwa na mtu mwenye haraka ya kumaliza shamba kabla ya mvua. Fundi huyohuyo aweza kuombwa aongeze minyororo, aweke wavu wa chuma nyuma ya kiti cha dereva, au atengeneze vigingi vya kuibeba mashine iliyoinuliwa wakati wa kunoa visu, kwa kuwa mikono ya haidroliki huweza kushuka ghafla.

Kwa majeruhi, dakika za mwanzo ni za wale walio shambani. Injini izimwe na ufunguo utolewe kabla ya mtu yeyote kusogea, maana visu huendelea kuzunguka kwa muda hata baada ya nguvu kukatwa. Damu ikandamizwe kwa kitambaa safi bila kuachia. Kidole au mkono uliokatika ufungwe katika kitambaa safi chenye unyevu, utiwe ndani ya mfuko uliofungwa, na mfuko huo ndio uwekwe juu ya barafu; nyama isiguse barafu yenyewe. Jicho lililopigwa lisikandamizwe wala lisisuguliwe.

Katika zahanati, kijitundu kidogo mguuni au karibu na jicho kisimdanganye mhudumu. Kipande cha chuma kilichoruka kwa kasi hiyo huingia ndani huku mlango wake ukionekana kama mchubuko. Picha ya eksirei ni ya lazima, na mgonjwa anayeshukiwa kuwa na chuma jichoni asipelekwe kwenye kipimo cha sumaku. Kidonda chenye udongo na majani hakifai kushonwa kwa pupa. Huoshwa kwa maji mengi, huondolewa nyama iliyokufa, na kinga ya pepopunda huhakikiwa. Mfupa uliovunjika na kutokeza nje huhitaji antibiotiki mapema, kabla hata ya safari ya rufaa kuanza.

Kisha kuna faili. Maneno "ajali ya trekta" hayamsaidii mtu. Maswali mawili yangetosha: kikinga kilikuwapo? Na nani aliyekiondoa, lini? Majibu hayo yana uzito hata kwa mgonjwa mwenyewe. Tanzania Bara ina sheria ya fidia kwa wafanyakazi ya mwaka 2008, lakini kibarua wa kutwa asiye na mkataba wa maandishi mara nyingi hana ushahidi mwingine wa kazi aliyokuwa akifanya isipokuwa kile daktari alichoandika siku aliyopokelewa.

Kwa kuwa mashamba ya eneo moja hutegemea karakana chache, mafaili matatu au manne yaliyoandikwa vizuri huweza kuonyesha mlango mmoja uleule. Afisa afya wa kata anaweza kufika hapo kwa miguu, akakaa na fundi kwenye benchi lake, na kumweleza minyororo ile ilikuwa ya kazi gani.